Tangi la Kushoto

Mimi si mtu wa kukaa nyuma. Miaka thelathini na minne nimerusha ndege ndogo, nimebeba wagonjwa, barua, vifaranga wa kuku, na mara moja jeneza la mtu mrefu mpaka ikabidi tung'oe kiti. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuketi kiti cha nyuma hata kwa kujaribu. Sasa binti yangu alikuwa amesimama juu ya bawa, mkono kiunoni, akinionyesha kiti hicho hicho kwa kidole.

"Baba, ingia. Leo wewe ni babu. Urubani niachie mimi."

"Nani kasema neno?"

"Uso wako umesema."

Niliingia. Alinipa mtoto, akanipa mfuko wa nepi, chupa ya maziwa, biskuti na ndoo ndogo ya plastiki endapo mtu atatapika. Hakusema ni mtu gani.

Ndege haikuwa yake. Ilikuwa ya kampuni iliyomwajiri, kampuni changa ya mji wa mbali yenye ndege tatu na choo kimoja. Ilikuwa imeletwa kwa mafundi wa huku kutengenezwa, na bosi akamwambia, kwa kuwa unakuja kuanza kazi, basi njoo nayo. Kwa hiyo tulikuwa tunahama nyumba kwa njia ya anga: mimi, yeye, mtoto, masufuria matatu na mito ya kulalia. Saa tano na nusu za kuruka, na kituo kimoja katikati cha kujaza mafuta.

Ndege ndogo haina undugu na mtu. Kila kinachoingia lazima kipimwe. Jana yake binti alileta mizani ya bafuni sebuleni, akapima masufuria, akapima mashuka, poti ya mtoto, viatu vyangu, na mimi mwenyewe. Mtoto alikataa katakata kusimama juu ya mizani, ikabidi nipande nikiwa nimempakata. Binti akaandika: "Babu na Bwana Afya, kilo themanini na tatu." Nilipenda kuona tumeandikwa mstari mmoja.

Mtoto ana jina lake kwenye cheti, lakini nyumbani ni Bwana Afya, kwa sababu hakuna pipa la taka, sufuria wala sinki ambalo hajalikagua kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Umri wake mwaka mmoja na miezi minane. Baba yake ni mtu wa meli za mizigo, huonekana mara mbili kwa mwaka kama kupatwa kwa jua. Mke wangu ametangulia. Basi tulikubaliana hivi: binti arushe ndege, mimi nilee.

Mwanangu wa kiume, kaka yake huyu, alitaka niende kukaa kwake. Ana nyumba nzuri. Lakini mkewe amevalisha makochi plastiki, na watu mle ndani huongea kwa kunong'ona kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Nilimwambia asante sana, nina kazi. Nilipenda kulitamka neno hilo. Ukifika miaka sabini na moja, watu huacha kukuuliza unafanya nini, wanakuuliza unajisikiaje. Nikiwa na mtoto mgongoni, sokoni au kwa kinyozi, hakuna aliyeniuliza ninajisikiaje. Acha niseme ukweli: nilimhitaji mtoto yule kuliko alivyonihitaji yeye.

Na lipo jambo sikuwa nimemwambia mtu. Tangu miezi michache iliyopita, vitu vilikuwa vinanitoroka. Rimoti ya televisheni niliikuta kwenye debe la mchele. Birika niliwahi kulibandika jikoni bila tone la maji mpaka likaanza kunuka. Siku moja nilimwamkia jirani, nikajitambulisha, nikamweleza nyumba ninayokaa, naye ndiye aliyenichotea maji wiki nzima ya msiba wa mke wangu. Yapo na mengine ambayo sikutaka hata kuyawaza. Kila mara nilijiambia, ng'ombe hazeeki maini. Ni kweli, na maini yangu yalikuwa mazima kabisa. Shida haikuwa kwenye maini.

Sasa nieleze habari ya matangi, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Ndege ile ina matangi mawili ya mafuta, moja katika kila bawa, na injini hunyonya tangi moja tu kwa wakati. Karibu na goti la rubani kuna kishikio. Ukikigeuza huku, injini inakunywa kushoto. Ukikigeuza kule, inakunywa kulia. Ukisahau, bawa moja linabaki zito na ndege inaanza kuegemea upande. Ukisahau zaidi, tangi linakauka nawe uko juu. Kwa hiyo kila nusu saa unageuza. Ni kazi ambayo hata mtoto wa shule anaiweza.

Binti yangu angeweza kuifanya mwenyewe, na simu yake ina kengele za kila aina. Lakini kabla ya kuwasha injini aligeuka akanipa kibao chenye karatasi na penseli iliyofungwa kwa uzi.

"Baba, nishikie saa. Kila nusu saa sema 'tangi', mimi nageuza, wewe unaandika. Kama zamani."

Zamani, alipokuwa na miaka kumi na tisa nami ndiye mwalimu wake, kazi hiyo ilikuwa yake. Nilijua ananihurumia, anampa mzee kitu cha kushika asije akanuna safari nzima. Nilijua, na nilikipokea kibao kile kwa mikono miwili.

Tuliruka saa moja kamili asubuhi, tangi la kushoto. Mtoto alibandika kiganja kwenye dirisha, akatazama nyumba zinavyopungua, akanigeukia na uso wa mtu anayetaka maelezo. Nilimwambia huo ndio ulimwengu, uko chini, tutaurudia. Alinikubalia.

Saa moja na nusu nikasema, "Tangi."

"Nageuza kulia," binti akajibu kwenye hedifoni.

Nikaandika. Saa mbili nikasema tena, akageuza kushoto, nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nilijisifu kimoyomoyo.

Baada ya hapo dunia ilichafuka. Mbele yetu mawingu yalianza kusimama kama maghorofa, na binti ikabidi apite katikati yake, huku anaongea na waongoza ndege, huku anashuka kidogo na kupanda kidogo. Huko kupanda na kushuka kulimpata Bwana Afya masikioni. Alilia kilio ambacho hata hedifoni hazikuweza kukizuia. Nilimpa maziwa anyonye masikio yafunguke. Akayanywa yote, akatulia, akanitazama kwa upendo, akanitapikia kifuani. Ndoo ilikuwa mbali. Nilimfuta kwa shati langu la safari, nikamwimbia, nikampa biskuti akaitupa, nikampa funguo akazitupa, mwisho nikampa ile penseli. Hiyo aliipenda. Akachora kwenye kibao kwa bidii, ulimi nje, mpaka usingizi ukamkamata penseli ikiwa mkononi.

Alilala kifuani pangu, kichwa chini ya kidevu changu. Injini ilikuwa inaunguruma sawasawa, ule muungurumo ambao nimeusikia miaka mingi kuliko sauti ya mke wangu. Mawingu yalikuwa yameachana. Chini palionekana mto, barabara, mabati yakimeta. Nilimwangalia binti kisogoni, nywele zake zimebanwa na hedifoni, mabega yametulia, na nikaona sina ninachokidai duniani. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Hilo ndilo tatizo lenyewe, kwamba sijui.

Injini ilikohoa mara mbili, ikazima.

Asiyewahi kusikia kimya hicho siwezi kumweleza. Upepo unabaki unapita kwenye mabawa, na pua ya ndege inaanza kuinama. Mtoto aliamka kwa sababu kelele iliyokuwa inambembeleza imekatika. Aliinua kichwa akaniuliza, "Bu?" Mikono ya binti yangu ilikuwa tayari imeshafika. Pua chini, kishikio kulia, pampu ya mafuta. Nilihesabu bila kutaka: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Mimi ndiye niliyemfundisha, naye alifanya vizuri kuliko nilivyomfundisha.

Binti aliinyoosha ndege kwanza, ndipo akauliza.

"Baba, karatasi inasemaje?"

Niliangalia saa. Saa tatu na dakika arobaini na sita. Nilikumbuka waziwazi kwamba saa mbili na nusu nilisema "tangi". Nilikumbuka nimesema saa tatu, na saa tatu na nusu. Nilikumbuka mpaka jibu: "Nageuza, Kapteni." Hapo nikasita. Binti yangu hajawahi kuniita Kapteni. Ile ilikuwa sauti ya mwenzangu wa zamani, tuliyekuwa tunasafirisha naye barua, na tulishamzika miaka mingi iliyopita.

Niliinua kibao. Juu palikuwa na mistari yangu miwili yenye mwandiko mzuri. Chini yake ni michoro ya Bwana Afya, ukurasa mzima, duara juu ya duara. Nilitazama katikati ya maduara hayo. Hapakuwa na mstari wa tatu.

Binti aligeuza shingo mara moja, akaiona karatasi.

"Aa! Bwana Afya! Kumbe umekagua mpaka karatasi za ndege!" Alicheka kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake. "Na wewe Baba, ukampa penseli! Alikuchanganya kwa kilio, sivyo?"

"Alilia sana," nikasema.

Ilikuwa kweli kwamba alilia sana. Ilikuwa pia uongo, na kabla ya hapo sikuwahi kusema uongo ndani ya ndege.

Tangi la kulia lilikuwa na mafuta ya kutosha kutufikisha, kwa kuwa lilikuwa limetumika nusu saa tu. Zilibaki kama dakika arobaini na tano. Binti hakunilaumu. Alivua saa yake mkononi, akaining'iniza mbele yake, na akawa anaitazama mwenyewe. Hakuniuliza saa tena. Afadhali angenifokea.

Nilifundisha marubani wengi, na sikuwa mwalimu mpole. Aliyesahau nilimsamehe, maana kila mtu husahau. Aliyesahau kisha akasingizia upepo, au fundi, au mwenzake, huyo nilimteremsha na sikumpandisha tena. Sasa nilikuwa nimemsingizia mtoto ambaye hana hata magego. Nilijitetea: ni mara moja, ni kelele, ni matapishi, nani asingesahau? Lakini mtu aliyesahau hujua hajasema. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba nimesema. Nikawaza nyumba tunayokwenda, jiko lake, geti lake, beseni la kumwogeshea mtoto. Nikajiona nina uhakika kwamba nimemtoa kwenye maji. Ndege ina tangi la pili na rubani mwenye mikono myepesi. Beseni halina tangi la pili.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Mimi kifo changu sikukiogopa kiasi hicho. Ila sikujua kama kitaanza na mimi.

Tulitua saa nne na nusu kwenye uwanja mdogo wenye kibanda kimoja na pipa la mchanga la kuzimia moto. Mtu wa mafuta alikuja akivuta mpira wake wa kujazia, amevaa buti kubwa kuliko miguu. Binti alipanda bawani, akafungua kifuniko cha tangi la kushoto, akatumbukiza kijiti cha kupimia. Kilitoka kikavu.

"Dada, humu hata mbu hapati cha kunywa," mtu wa mafuta akasema. "Mlikuwa mnaruka kwa maombi?"

"Muulize huyo," binti akamwonyesha mtoto mikononi mwangu. "Ndiye mwenye makosa. Kachora karatasi yetu ya saa."

Mtu wa mafuta akaja akaminya shavu la mtoto kwa vidole vyenye harufu ya mafuta. "Kumbe adui wa ndege ni wewe, eh? Ni wewe?" Binti akacheka. Na Bwana Afya, alipotuona tunacheka, akacheka na yeye, akapiga makofi, akalikubali kosa lote kwa furaha.

Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mama," nikamwita binti yangu. Ndivyo nilivyozoea kumwita tangu mdogo. "Shuka. Njoo hapa chini ya bawa."

Alishuka. Nilimpa kibao.

"Iangalie vizuri. Usiangalie michoro, angalia chini ya michoro."

Aliinua karatasi kwenye mwanga. Macho yake ni mazima, hakuchukua muda. "Hamna kitu."

"Hamna kitu. Hakufuta chochote. Sikuandika kwa sababu sikusema. Na mpaka injini inazima, nilikuwa na hakika nimesema."

"Baba, ni uchovu. Hata hivyo rubani ni mimi, kosa ni la—"

"Sijamaliza."

Nilimweleza habari ya birika, na jirani, na ile sauti ya marehemu iliyonijibu. Alikuwa anatikisa kichwa, bado anatafuta visingizio kwa niaba yangu, na anavyo vingi kwa sababu ananipenda. Basi nikamwambia lile ambalo sikutaka hata kuliwaza.

"Alhamisi iliyopita, ulipokwenda kuaga ofisini, nilimtafuta Bwana Afya. Nilimtafuta nyumba nzima. Nimeinama chini ya vitanda, nimeingiza mkono kwenye pipa la maji mpaka chini. Nikatoka barabarani bila viatu, namwita, nalia. Jirani akaniuliza, 'Babu, unamtafuta nani?' Nikamwambia. Akaniangalia, akaniambia, 'Si huyo uliyembeba mgongoni?'"

Binti alicheka. Ni jambo la kuchekesha, hata jirani alicheka. Kicheko chake kilitoka kizima kikakatikia njiani.

"Unatania."

"Laiti ingekuwa hivyo."

Mtu wa mafuta alikuwa juu ya bawa, anapiga mluzi, mpira unamimina mafuta tangini. Binti alinyoosha mikono akamchukua mtoto. Alimchukua taratibu, bila ukali, lakini alimchukua. Mikono yangu ilibaki imekunjwa vilevile, haina kitu ndani yake. Niliumia kuliko nilivyotegemea, na nilitegemea kuumia sana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniacha kwa kaka yako."

Hakukataa. Nilimshukuru kwa hilo. Alimbusu mtoto utosini, akaangalia njia ya kurukia, na alipoongea sauti yake ilikuwa ya yule msichana wa miaka kumi na tisa.

"Kazi naanza Jumatatu, Baba. Jumatatu nimwachie nani?"

"Utafute mlezi. Mtu mzima, mwenye macho."

"Na wewe je?"

"Huyo huyo. Ila umwambie mapema asije akashtuka, watoto ni wawili."

Safari hii hakucheka. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kisogo cha mtoto maana mikono yote miwili ilikuwa imemshika. Kisha akawa rubani tena.

"Nitampigia bosi aniahirishie wiki moja. Akikataa, akatae. Kwanza daktari. Halafu huyo mlezi."

"Wa watoto wawili?"

"Wa watoto wawili. Kwa kaka huendi." Akavuta kamasi. "Ila peke yako na mtoto, Baba, hapana. Hata dakika tano."

"Hata dakika tano," nikasema.

Matangi yalijaa. Mtu wa mafuta akatutakia safari njema, akamtolea mtoto ulimi. Nilipanda kiti changu, na binti akasimama mlangoni na mwanawe mikononi kwa muda. Nilidhani atamfunga kiti cha pembeni. Badala yake alimweka mapajani pangu, akaufunga mkanda, akauvuta kwa nguvu.

"Mshike vizuri."

"Nimemshika."

Tuliruka. Tangi la kushoto, na saa safari hii aliishika yeye. Lakini hazikupita dakika tano bila yeye kugeuka kutazama nyuma. Sikumlaumu. Kila alipogeuka niliunyanyua mkono wa mtoto, aone kwamba yupo. Na mimi niliutazama mkono huo huo, nione kwamba yupo.